Kumsikiliza Mgonjwa

Wahenga walinena, "Mficha maradhi, kilio humfichua." Shuleni twaifundisha methali hii kuwa onyo kwa mgonjwa. Lakini mgonjwa atajieleza vipi, ikiwa hapana wa kumsikiliza?

Katika mji wa Madison, nchi ya Marekani, iko hospitali ya askari wa zamani. Mwaka 2013 ilianzishwa huko kazi ya kuandika maisha ya wagonjwa. Mwandishi huketi kando ya kitanda, akamwomba mgonjwa asimulie alikozaliwa, vita alivyopigana, na watu aliowapenda. Habari hizo huandikwa kwa maneno yapata 1,000, kana kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye anenaye. Kisha husomewa, naye husahihisha palipokosewa. Na akiridhia, hutiwa katika kumbukumbu za matibabu yake.

Faida yake ni nini? Waganga na wauguzi hupokezana zamu, na kila ajaye hukuta jina la ugonjwa na kipimo cha homa. Akiisoma habari ile, hukuta na mtu pia. Ajuaye kwamba mzee huyu anaishi peke yake, atakumbuka kuuliza nani atampikia atakaporudi kwake.

Nasi hatuna haja ya kungoja hospitali kubwa. Tumpelekapo mzazi wetu zahanati, mara nyingi twamjibia kila swali, naye yu kimya. Tumwache anene mwenyewe, japo anakawia. Naye mwuguzi asimkatize. Huenda neno analolitafuta ndilo litakaloonyesha ugonjwa ulikoanzia.