Mdako Darasani: Michezo na Masomo ya Watoto Waliokimbia Makwao

Mdako hauna gharama. Kinachotakiwa ni kishimo ardhini, kokoto kiasi, na moja zaidi ya kurusha juu. Mtoto anairusha, anazikomba zilizo shimoni, kisha anaidaka kabla haijaanguka. Katika mrusho unaofuata anazirudisha zote, anabakisha moja tu nje. Akibakisha mbili, zamu imempita. Kwa dakika chache huyo mtoto amehesabu, ametoa, amekadiria mwendo wa kokoto hewani na amewavumilia wenzake mpaka zamu ikamrudia. Mwalimu anayeketi kando na kumuuliza, "Zimebaki ngapi shimoni?" ameshaanza somo la hisabati.

Mada hii ya semina inawahusu walimu wa watoto waliokimbia vita na maafa, na dai lake ni moja: michezo ambayo watoto hao wamekuja nayo vichwani ndiyo iwe msingi wa masomo yao ya mwanzo, na fedha ziende kwanza kwa mwalimu kabla ya kwenda kwenye midoli.

Ukubwa wa jambo unajulikana. Mwishoni mwa mwaka 2024 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimika kuyahama makazi yao, na takriban asilimia 40 walikuwa watoto. Mkoani Kigoma, Tanzania, kambi ya Nyarugusu imekuwepo tangu 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya mashariki mwa nchi yao. Mwaka 2015 Warundi wakaongezeka. Wako vijana waliozaliwa humo, wakasoma humo, na sasa ni wazazi humo humo. Mtoto wa Kikongo kambini amekuwa akifuata mtaala wa Kongo na wa Kirundi amekuwa akifuata wa Burundi, kwa hiyo lugha anayoikuta ubaoni mara nyingi siyo aliyoamka nayo nyumbani. Mchezo unampa mahali pa kuonyesha akili yake kabla hajaimudu hiyo lugha.

Lakini mchezo unabeba zaidi ya hesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa saikolojia ya watoto Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha vituo vya kulelea watoto huko Hampstead, London. Miongoni mwa watoto waliowaandikia habari zao ni mvulana wa miaka minne aliyefiwa na baba. Alikuwa akijenga nyumba za karatasi na kuzipiga mabomu, na kila mara watu wote waliokolewa, kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa. Akarudia na kurudia. Miezi kadhaa baadaye aliweza kusema kwa maneno yake kwamba baba ameuawa na hatarudi, na mchezo ule ukakoma. Hakuna mtu mzima aliyemwamrisha aache. Walimpa muda na mahali salama, wakamtazama kwa makini.

Huo utazamaji ndio ufundi wenyewe, na haupatikani kwenye sanduku la vifaa. Fikiria kombolela. Kwa mtoto aliyekua kwa amani ni furaha tupu: kujificha, kunyata, kukimbilia kopo. Kwa mtoto aliyewahi kulala kichakani akijificha kweli, kutafutwa na kuonekana kunaweza kumrudisha kule alikotoka. Mwalimu aliyefundwa anamruhusu kukaa pembeni, au anampa kazi ya kulinda kopo, na hamlazimishi. Rede nayo ina mafunzo yake: aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira, na hapo pana somo zima la ujazo, nusu na robo, kwa mwalimu anayejua kuliona.

Bangladesh inatoa mfano mzuri wa kuanzia na michezo ya watoto wenyewe. Baada ya Agosti 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walivuka mpaka kutoka Myanmar na kukusanyika Cox's Bazar. Shirika la BRAC, ambalo pia limeendesha vituo vya kujifunza kwa michezo Tanzania na Uganda, liliwauliza wazazi wa Kirohingya watoto wao walicheza nini na waliimba nini nyumbani. Majibu yao yakawa mtaala: mashairi mafupi ya Kirohingya, michezo ya kuruka, na mapambo ya ukutani ya mtindo wa kwao. Wanaowaongoza watoto ni wanawake vijana, wakiwamo Warohingya wenyewe. Mtoto anaingia chumbani na kukuta sauti anayoitambua.

Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, Desemba 2019 Wakfu wa LEGO ulitangaza dola milioni 100 kwa Shirika la Kimataifa la Uokoaji (IRC), na mradi wa kujifunza kwa michezo uitwao PlayMatters ukaanza Ethiopia na Uganda, kisha ukafika Tanzania. Jambo la kusifu ni kwamba kiini chake ni mafunzo ya walimu, katika shule za wakimbizi na za jamii wenyeji. Mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia darasani hawezi kuwachezesha wote mdako kwa pamoja. Anahitaji kujua kuwagawa makundi, kuwapa wakubwa dhamana ya kuongoza wadogo, na kukusanya vizibo vya soda vya kuhesabia vya kutosha. Hayo yanafundishika. Yanahitaji siku kadhaa za mafunzo na mtu wa kurudi darasani kumtembelea, na mwalimu mkimbizi, anayelipwa posho badala ya mshahara, anastahili pia kulipwa kwa muda huo.

Tatizo ni kwamba fedha zikipungua, wadogo huguswa mapema. Mwaka 2025, misaada ilipokatwa, UNICEF ilisitisha mikataba ya walimu zaidi ya 1,000 wenyeji wa Bangladesh katika kambi za Cox's Bazar, na madarasa yaliyoathirika sana yalikuwa ya chekechea na ya miaka ya mwanzo. Ndiyo maana semina hii inaombwa ipendekeze kwa wafadhili na idara za elimu kwamba posho za walimu wa awali ziwekwe kwenye fungu la dharura lenyewe, pamoja na chakula na maji, zisisubiri fungu la maendeleo ambalo huchelewa kufika.