Shaba Nyekundu, Kuba la Kijani

Kuba la Basilika ya Moyo Mtakatifu, mpakani mwa Ganshoren na Koekelberg mjini Brussels, ni la kijani, wala halikupakwa rangi. Ni shaba. Shaba ikifikia nyuzi joto 1,085 za Selisiasi huyeyuka; ikipoa hurudi kuwa yabisi, shaba ile ile. Hilo ni badiliko la hali tu. Lakini katika mvua na hewa ya jiji huungana polepole na oksijeni na salfa, na hapa ndipo kemia hasa inapoanza: huzaliwa maada nyingine, utando wa kijani unaoikinga metali iliyo chini yake.

Wahunzi wa Katanga waliijua njia ya kinyume zamani, kabla Mfalme Leopold wa Pili, aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi, hajaweka jiwe la msingi la basilika hiyo mwaka 1905. Walilichoma jiwe la kijani, malakiti, kwa makaa, nalo likatoa shaba nyekundu.