Bei ya Hisa na Faida Yake: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wajumbe wa Chama Kikuu



Nimetakiwa niseme juu ya ununuzi wa hisa za makampuni, kwa kuwa mkutano huu utaulizwa iwapo sehemu ya akiba yetu iwekwe huko. Fedha hiyo ni makato ya mazao ya wanachama kwa misimu kumi; haifai kutolewa kwa kufuata makelele ya soko.

Hisa ya ushirika bei yake haichezi. Ya kampuni hubadilika kila siku. Kwa hiyo wanunuzi hugawanya bei ya hisa kwa faida ya mwaka iliyoiangukia hisa hiyo moja, wapate kujua wanalipa faida ya miaka mingapi.

Natwaa mfano wa Safaricom ya Kenya. Mwezi wa Juni 2008 hisa zake, jumla yake bilioni 40, zilianza kuuzwa katika soko la Nairobi, baada ya umma kuuziwa kwa shilingi 5 kila moja. Faida ya mwaka ulioishia Machi 2008 ilikuwa kama senti 35 kwa hisa; basi bei ilikuwa mara 14 ya faida. Mwaka 2009 bei ilishuka chini ya shilingi 3, na bila shaka wako walioiona rahisi mno. Lakini faida nayo ilikuwa imeshuka hata senti 26, na kwa shilingi 3 kipimo kilikuwa bado mara 11 na zaidi. Bei iliporudi kwenye shilingi 5, karibu na mwanzo wa 2013, faida ilikuwa ikielekea senti 44: kwa shilingi zile zile 5, mnunuzi sasa alilipa mara 11 tu. Ilipofika Machi 2018 faida ilikuwa senti 138, na bei kama shilingi 30, yaani mara 22 hivi. Sehemu ya kupanda huko ilitokana na kazi ya kampuni. Sehemu nyingine ni watu kukubali kulipa zaidi kwa kila shilingi ya faida, na kukubali huko kwaweza kuondoka.

Tena kipimo hiki hudanganya. Mwaka 2009 wastani wa makampuni makubwa 500 ya Marekani ulipita mara 100, ilhali bei zilikuwa zimeanguka sana! Faida ndiyo iliyokuwa karibu kutoweka. Mkulima wa kahawa hatashangaa: nani apimaye thamani ya shamba kwa mavuno ya mwaka wa ukame? Benjamin Graham na David Dodd, katika kitabu chao cha 1934, walishauri kutumia wastani wa faida wa miaka isiyopungua mitano, ikiwezekana saba au kumi.

Naomba basi, Bwana Mwenyekiti, kura isipigwe leo. Halmashauri ituletee kwanza faida ya kila kampuni iliyotajwa, mwaka kwa mwaka, kwa miaka kumi, na bei ya kila mwaka kando yake.