Mwaka wa Nani?

Ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500. Huo ni wa Hijria. Kwa hesabu ya Kikristo ni 1107. Sasa wapo wasomi wanaotaka tuache kusema kabla na baada ya Kristo, tuseme "zama zetu", asiye Mkristo asikwazike. Nia njema, ila namba hazijaguswa. Bado zinaanzia pale alipopapanga mtawa Dionysius mwaka 525, na inaelekea alikosea: wanahistoria wengi wanasema Mfalme Herode, ambaye Injili inasema Yesu alizaliwa enzi zake, alifariki mwaka wa 4 kabla ya huyo huyo Kristo! Mimi ningependa vitabu vya historia ya pwani viandike tarehe zote mbili, Hijria na Miladia.