Kiu ya Sayuni na Haki ya Jirani

Mada kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Magamba



Tangu Oktoba 2023, vita vya Israeli na Gaza vimeingia hata katika jumuiya zetu za huku milimani. Vimezungumzwa sokoni Lushoto, ndani ya mabasi ya kwenda Tanga na Dar es Salaam, na baada ya sala za jumuiya. Wapo Wakristo wasemao kwamba, kwa kuwa Biblia inataja Israeli, basi kila litendwalo na dola ya Israeli ni mapenzi ya Mungu. Wapo wengine wanaowalaani Wayahudi wote, kana kwamba Bwana wetu hakuzaliwa na mama wa Kiyahudi. Nasi tunaishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu: tunaoana, tunazikana, tunalima mpaka mmoja. Neno la ovyo juu ya Yerusalemu laweza kuharibu ujirani wa Magamba.

Kwa sababu hiyo nawaomba tulitazame jambo hili kwa njia ya vijana Waafrika wenzetu walio Wayahudi. Tukielewa Sayuni ina maana gani moyoni mwa kijana wa namna hiyo, tutaweza kupambanua kati ya imani inayostahili heshima na siasa inayostahili kupimwa kwa haki.

1. Wayahudi wa Mbale

Mashariki ya Uganda, karibu na mji wa Mbale chini ya Mlima Elgon, wako watu waitwao Abayudaya, yaani Wayahudi kwa lugha ya Kiganda. Hawakutoka Ulaya wala Mashariki ya Kati. Chanzo chao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyebatizwa Mprotestanti na kuwasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki. Baadaye alikosana nao, akajitenga na siasa, akazama katika kusoma Maandiko. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akatangaza kwamba yeye na wafuasi wake ni Wayahudi. Alifariki mwaka 1928.

Wafuasi wake walishika Sabato, wakaacha vyakula vilivyokatazwa na Torati, wakaimba zaburi kwa lugha yao na kwa sauti za Kiafrika. Chini ya utawala wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha kwa hofu, wakaingia Ukristo au Uislamu. Wachache waliendelea kusali kwa siri.

Hapa historia yao inakutana na yetu. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliuteka mji wa Kampala. Jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kwa hiyo Wayahudi wa Mbale walipata uhuru wao wa kusali katika siku ya kuadhimisha uhuru, na waliowafungulia mlango walikuwa vijana wa nchi hii, Wakristo na Waislamu waliopigana bega kwa bega. Yafaa wazee wetu waliokwenda vitani wakumbuke kwamba jasho lao lilizaa tunda hilo pia.

2. Sayuni moyoni mwa kijana

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wachache wa Abayudaya waliamua kuifufua jumuiya yao iliyokuwa inakufa. Miongoni mwao walikuwamo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki. Walikaa pamoja katika kilima cha Nabugoye, wakalima, wakasoma, wakapigania kurudishiwa mahali pao pa sala. Walijiita Kibutsi, kwa kufuata jina la vijiji vya Israeli ambamo watu hufanya kazi na kumiliki mali kwa pamoja. Sisi tuliopitia vijiji vya Ujamaa hatuhitaji maelezo marefu ya ndoto ya namna hiyo. Baadaye Sizomu alikwenda Marekani kusomea urabi, akawekwa wakfu mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Tujiulize: kijana aliyezaliwa Mbale, asiyepata kuiona Yerusalemu, anatafuta nini huko? Jibu limo ndani ya sala yake. Asalipo huelekea Yerusalemu. Kila mwaka, karamu ya Pasaka inapokwisha, husema pamoja na jamaa yake tumaini la kuwa Yerusalemu mwaka ujao. Husoma zaburi ya wale waliopelekwa uhamishoni Babeli, ambao walilia kando ya mito kwa kuikumbuka Sayuni. Kwake yeye, Sayuni ni mahali ambapo Mungu aliahidi kukaa na watu wake, na kutamani kufika huko ni sehemu ya kumwabudu Mungu.

Jambo hili si geni kwetu. Msambaa aendaye kutafuta riziki Dar es Salaam hukaa huko miaka thelathini, na bado husema "nyumbani" akimaanisha huku milimani. Anapofariki, ndugu huchanga fedha ili alazwe katika udongo wa wazee wake. Basi tusiicheke wala tusiichukie kiu ya Myahudi. Ni kiu ya kibinadamu iliyobatizwa katika machozi ya karne nyingi, na iliongezwa uchungu na mauaji ya Wayahudi wapatao milioni sita yaliyofanywa na Wanazi katika Vita Kuu ya Pili.

3. Ahadi ya ardhi ya wengine

Lakini kiu, hata iliyo halali, yaweza kuelekezwa kwenye kisima cha mtu mwingine. Hapo ndipo inapotupasa kutofautisha Sayuni ya sala na Uzayuni, yaani harakati za kisiasa zilizoanzishwa rasmi mwaka 1897 huko Basel, Uswisi, chini ya Theodor Herzl, ili Wayahudi wapate nchi yao.

Afrika Mashariki iliguswa mapema na harakati hizo. Mwezi wa Aprili 1903 Wayahudi wa mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi, walishambuliwa na kuuawa. Mwaka huo huo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimtolea Herzl sehemu ya ardhi ya Afrika Mashariki. Mpango huo umezoeleka kuitwa mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ulioko Kenya. Herzl aliupeleka pendekezo hilo mbele ya mkutano wa Basel mwezi wa Agosti 1903. Wajumbe 295 walikubali watumwe watu kwenda kuichunguza nchi hiyo, 178 walikataa. Wajumbe wengi wa Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa wakiuawa, walitoka nje kwa majonzi, kwa maana kwao hapakuwa na Sayuni nyingine isipokuwa Sayuni. Mwaka 1905 mpango huo ulikataliwa kabisa.

Ndugu zangu, tazameni ni nani hakuulizwa. Serikali ya London ilisema, viongozi wa Wayahudi walisema, walowezi Wazungu wa Nairobi walipiga kelele za kupinga. Wanandi na Wamaasai, ambao ng'ombe wao walilisha katika nyanda hizo, hawakuitwa kikaoni. Mwaka ule ule wa 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza.

Wasambaa na Wambugu wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, wakawagawia walowezi ardhi ya wenyeji. Baada yao Waingereza, katika miaka ya 1950, waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta mashambani kwa amri ambayo wenyeji hawakuitunga, hata wakaikataa kwa umoja. Kosa la kuamua habari za ardhi pasipo kumsikiliza aliye juu yake ni lile lile, liwe Uasin Gishu, Usambara au Palestina. Mwaka 1948, dola ya Israeli ilipoanzishwa na vita kuzuka, Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao. Nao wanazo funguo za nyumba, makaburi ya wazee, na neno "nyumbani".

4. Kijana aliyerudishwa mlangoni

Mwaka 1950 Israeli ilitunga Sheria ya Kurejea, inayompa kila Myahudi haki ya kwenda kuishi huko. Lakini swali la nani ni Myahudi limeleta ubishi mwingi. Wengi wa Abayudaya na wenzao wa Kenya walithibitishwa katika dini na marabi wa madhehebu ambayo wakuu wa dini wa Kiorthodoksi nchini Israeli hawayakubali.

Mwezi wa Desemba 2017 kijana mmoja Mkenya, wa jumuiya ndogo ya Kiyahudi ya Kasuku, alisafiri kwenda Yerusalemu kusoma Torati katika chuo cha dini. Alikuwa na viza aliyopewa na ubalozi wa Israeli. Alipofika uwanja wa ndege alizuiwa, akalala chini ya ulinzi, kisha akarudishwa Afrika. Mahali alipopaelekea katika sala tangu utoto wa imani yake, alipaona kwa umbali wa ukuta wa uwanja wa ndege.

Nalisema hili ili tuone kwamba dola, hata ikichukua jina takatifu, hubaki dola. Ina maafisa, mihuri, hofu na upendeleo. Haiwi Ufalme wa Mungu kwa kuitwa Israeli. Na Torati yenyewe, ambayo kijana yule alikwenda kuisoma, inaagiza mgeni apendwe kama mzalendo, kwa kuwa Israeli nao walikuwa wageni Misri. Tena inafundisha katika kitabu cha Walawi kwamba ardhi ni mali ya Mungu, na wanadamu ni wapangaji tu juu yake.

5. Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba hatia ya kifo cha Kristo haiwezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Tamko hilo hilo linawataja Waislamu kwa heshima kama watu wanaomwabudu Mungu mmoja. Mtume Paulo anatuonya katika Waraka kwa Warumi kwamba sisi wa mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa. Tawi halina haki ya kujivuna juu ya shina.

Hali kadhalika Vatikano iliweka mapatano na dola ya Israeli tarehe 30 Desemba 1993, na mwaka 2015 ikatia sahihi mapatano na dola ya Palestina. Kanisa halikumchagua mmoja ili kumtupa mwingine. Nchi yetu nayo ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaurejesha katika miaka ya 1990, bila kuacha kutetea haki ya Wapalestina.

Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas waliua watu wapatao 1,200 nchini Israeli. Kati yao walikuwamo vijana wawili Watanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Baadaye watu wa Gaza, makumi ya maelfu, na watoto wengi sana miongoni mwao, waliuawa katika vita vilivyofuata. Mkristo hawezi kulia msiba wa upande mmoja na kufumba macho mbele ya msiba wa upande wa pili.

6. Yatupasayo kutenda

Kwanza, wahubiri na makatekista watofautishe Israeli ya Biblia na serikali ya leo. Maandiko Matakatifu yasifanywe hati ya kumnyang'anya mtu shamba.

Pili, katika mafundisho ya Juma Kuu tusiseme "Wayahudi walimwua Yesu" kana kwamba taifa zima lina hatia. Watoto huyabeba maneno hayo maisha yao yote.

Tatu, tuige mfano wa Mbale. Keki, mmoja wa vijana wale wa Nabugoye, alikuwa New York siku ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Aliporudi kwao aliwaendea majirani Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Waliuza pamoja na kugawana faida. Nasi huku tunalima kahawa, viazi na mboga, na tunalanguliwa na wachuuzi wale wale bila kuulizwa dini. Ushirika mmoja wa haki kati ya Mkristo na Mwislamu wa Magamba waweza kuleta amani kuliko mabishano mia juu ya Gaza.

Nne, sala za waumini ziwataje kwa pamoja Wayahudi na Wapalestina, wenye kuomboleza na waliopoteza makazi.

Yule kijana wa Kasuku na mtoto wa mkimbizi wa Kipalestina wana kiu moja: kuingia mahali wanapopaita nyumbani, na kukaribishwa. Tuwaombee wote wawili, tena tuanze kwa kuwa watu wa kukaribisha hapa tulipo.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

(a) Tunapoimba juu ya Sayuni kanisani, tunamaanisha nini?

(b) Je, katika kijiji chetu kuna ardhi iliyoamuliwa pasipo kuwasikiliza wanaoitumia? Tufanye nini kwa njia ya amani?

(c) Ni kazi gani moja tunaweza kuianza mwaka huu pamoja na majirani zetu Waislamu?