Faili Ndogo Inayofika: Jinsi ya Kuchagua Programu ya Kubana Faili

Mazungumzo kwa makatibu wa vikundi, wafanyabiashara na wanafunzi wa Kaunti ya Bomet



Kila mwaka, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huitaka serikali ya kaunti kuwasilisha taarifa ya mkakati wa kifedha katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katiba, katika Kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha. Kwa hiyo mwananchi ana nafasi ya kutoa maoni, lakini nafasi hiyo ina siku ya mwisho.

Chukua mfano wa kikundi cha wakazi wa Chepalungu kilichoandika maoni kuhusu daraja lililobomoka. Wamepiga picha 12 kwa simu, wameskani kurasa za sahihi, na katibu amefika saiba saa kumi jioni siku ya mwisho. Barua pepe inakataa kwenda. Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi MB 25, na mzigo wao ni MB 60. Daraja limebomoka kweli na sahihi ni za kweli, lakini hoja haikufika.

Watu wengi wakikwama hivi huuliza: ni programu gani hubana faili zikawa ndogo kuliko zote? Jibu fupi lipo. Kwa maandishi na takwimu, miongoni mwa programu zinazopatikana bila malipo, chaguo bora kwa watu wengi ni 7-Zip, faili ikihifadhiwa kwa aina ya 7z. Hata hivyo, jibu hilo lisingekiokoa kikundi cha Chepalungu, na ni vyema kuelewa kwa nini.

Kubana hufanyikaje?

Programu ya kubana hutafuta kinachojirudia. Fikiria daftari la kikundi cha wakulima wa chai kule Konoin, lililohifadhiwa kwenye kompyuta kama maandishi matupu ya CSV. Jina la kituo cha kununulia majani limeandikwa humo mara maelfu, na majina ya wakulima yanarudi kila siku ya kuchuma. Programu huliandika jina mara moja, kisha kila linapotokea tena huweka alama fupi inayosema: rudi nyuma hatua kadhaa, unakili ulichokuta pale. Mbinu hii ilielezwa na Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977. Hakuna kinachopotea. Ni kama gunia tupu lililokunjwa: likikunjuliwa, ni gunia lile lile.

Tofauti kati ya programu ni umbali ambao kila moja inaweza kutazama nyuma. Aina ya ZIP ililetwa na Phil Katz mwaka 1989, wakati kompyuta zilikuwa na kumbukumbu ndogo. Mbinu yake ya kawaida hutazama nyuma KB 32 tu, yaani kurasa kumi na kitu za maandishi, na kila faili hubanwa peke yake. 7-Zip, iliyotolewa na Igor Pavlov wa Urusi mwaka 1999, inaweza kutazama nyuma makumi ya MB, na huziunganisha faili nyingi kana kwamba ni moja. Ndiyo maana madaftari ya miezi 36 yenye majina yale yale hupungua zaidi ndani ya 7z kuliko ndani ya ZIP.

Aina ya RAR, ya Eugene Roshal, inakaribiana na 7z, na ina uwezo wa kuongeza sehemu ya kurekebishia faili ikiharibika. Lakini WinRAR ni programu ya kununuliwa baada ya siku 40 za majaribio, ilhali 7-Zip ni ya bure hata ofisini na dukani. Zipo programu nyingine, kama zile za jamii ya PAQ, zinazoweza kubana zaidi ya hapo. Hizo huchukua muda mrefu mno, na anayepokea ni nadra awe nazo.

Kwa nini picha hazipungui

Picha ya simu ya aina ya JPEG imeshabanwa na simu yenyewe. Video ya MP4 ni hivyo hivyo, na PDF nyingi zilizotoka kwenye skana pia. Hata faili za DOCX na XLSX ndani yake ni ZIP tayari. Ukizitia katika 7-Zip, kinachopungua ni kidogo mno, kwa sababu marudio yameshaondolewa.

Kwa picha na kurasa zilizoskaniwa, dawa ni kupunguza kabla ya kufunga. Hapa kazi ni kama ya kiwanda cha chai: kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai, na chai hiyo hairudi kuwa jani. Picha iliyopunguzwa hairudi ilivyokuwa. Hivyo basi, hifadhi picha ya asili mahali salama, na utume nakala iliyopunguzwa.

Hesabu ya skana inaonyesha faida yenyewe ilipo. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kabla ya kubanwa, hizo ni takriban MB 26. Ukurasa huo huo kwa rangi nyeusi na nyeupe pekee ni kama MB 1.1, na kwa nukta 200 ni karibu nusu MB. Ukishabanwa hupungua tena. Kwa barua iliyopigwa chapa na orodha ya sahihi, nyeusi na nyeupe inatosha, mradi ukurasa ukaguliwe kwamba unasomeka, hasa sahihi za kalamu hafifu na muhuri.

Anayepokea anaweza kufungua?

Faili ndogo isiyofunguka haina faida. Windows hufungua ZIP bila kuongezewa kitu. Windows 11 ilianza kufungua 7z na RAR mwaka 2023, lakini kompyuta za zamani na simu nyingi bado zinahitaji programu ya ziada. Kwa hiyo, unapotuma ofisini, shuleni au kwa mtu usiyemjua, tumia ZIP. Unapohifadhi kumbukumbu zako mwenyewe, tumia 7z. Na pale mfumo unapotaja aina ya faili unayopaswa kuleta, fuata maagizo. Wanaowasilisha ritani kwenye iTax kwa fomu ya Excel wanajua kwamba fomu ikithibitishwa hutoa faili ya ZIP. Hiyo ndiyo inayopakiwa, bila kubanwa upya.

Hatua za kufuata kwa kumbukumbu za kikundi

Kwanza, pakua 7-Zip kutoka tovuti yake rasmi, 7-zip.org, wala si kutoka tangazo au kiungo cha WhatsApp. Programu hii haijisasishi yenyewe, kwa hiyo rudi huko mara kwa mara uchukue toleo jipya.

Pili, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua 7-Zip kisha “Add to archive”. Weka aina iwe 7z na kiwango kiwe “Ultra”. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ikilemewa, shuka hadi “Normal”. Tofauti ya ukubwa mara nyingi si kubwa.

Tatu, kama kuna namba za vitambulisho, simu au akaunti za wanachama, weka nenosiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Katika 7z, ulinzi ni AES-256, na weka alama kwenye “Encrypt file names” ili hata majina ya faili yasionekane. Ukitumia ZIP, chagua AES-256 badala ya ZipCrypto, ambayo ni dhaifu. Nenosiri litumwe kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kupiga simu, wala si katika barua pepe ile ile. Nenosiri la AES-256 likisahaulika, hakuna ofisi ya kulirejesha.

Nne, kabla ya kufuta chochote, fungua 7-Zip na utumie “Test” kuhakikisha faili ni nzima. Kisha weka nakala mbili mahali pawili tofauti. Kwa kuwa 7z huunganisha faili nyingi kuwa moja, doa dogo kwenye flashi linaweza kuharibu nyingi kwa pamoja.

Turudi Chepalungu. Katibu angeskani kurasa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kupunguza kila picha upana wake uwe nukta 1600, ambapo kwa kawaida huwa chini ya MB 1. Mzigo wa MB 60 ungeingia ndani ya MB 25 na nafasi kubaki. Kisha angeuweka wote katika ZIP moja, si kwa ajili ya kuupunguza, bali ili anayepokea apate kitu kimoja kisichopungua ukurasa. Na angeutuma asubuhi, si saa kumi jioni.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza programu ipi, uliza mambo mawili: ndani ya faili mna nini, na nani ataifungua. Majibu hayo ndiyo huchagua programu.