Kichwa Kinachopwita, Vipimo Visivyoona Kitu

Msikilizaji, kichwa kinapopwita upande mmoja, wengi wetu hukimbilia duka la dawa. Tukipimwa, malaria hakuna, presha iko sawa, hata picha ya ubongo ni safi. Ndipo mgonjwa anaambiwa hana kitu. Kauli hiyo inaumiza, na si sahihi. Huenda maumivu hayo ni kipandauso, ugonjwa usioonekana kwenye damu wala kwenye picha. Daktari hukitambua kwa kumsikiliza mgonjwa: maumivu ya saa 4 hadi 72 yasipotibiwa, kichefuchefu, kutovumilia mwanga na kelele.

Kwa hiyo daftari lenye saa za maumivu, usingizi, milo na siku za hedhi mara nyingi humsaidia daktari kuliko picha ya pili ya gharama kubwa. Na kila kidonge kiandikwe. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kumletea maumivu mapya. Hili madukani halisemwi vya kutosha.

Lakini maumivu yakilipuka ghafla, au yakija na homa na shingo kukakamaa, au mkono kulegea, au ulimi kuwa mzito, usingoje daftari. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.